Mizizi Juu ya Bati

Leonardi alikuwa na tabia ya kujaza fomu mapema. Hakufundishwa na mtu. Aliingia katika kitengo cha utafiti wa dawa za miti akiwa mfagiaji, na yote aliyoyajua kuhusu majani, magome na mizizi aliyaokota mwenyewe, kwa kusoma vibandiko vya kwenye makabati wakati wenzake wamekwenda kunywa chai. Mwaka 1976 alipopandishwa cheo akawa mkusanyaji, akakabidhiwa panga, magunia na bunda la fomu, alijiapiza kuwa hatasahau jambo hata moja. Na kwa jinsi alivyoona yeye, dawa ya kusahau ni kuandika pale pale.

Ndiyo maana asubuhi ile, katika pori la nyuma ya Kongowe, Bi Mwanabaraka alipokuwa amepiga magoti akifukua, Leonardi alikuwa amekaa kwenye kisiki, fomu iko gotini, anaandika. Namba ya sampuli: 214. Sehemu inayotumika: mzizi. Rangi ya ndani: manjano, kama binzari. Ugonjwa: homa ya malaria.

Bi Mwanabaraka alikuwa Mzaramo wa Mtoni, mwanamke wa miaka sitini na ushei, mfupi, mwenye sauti ya chini. Hakupunga pepo wala hakuandika hirizi. Alitibu homa, basi, na kwa mzizi huo mmoja. Kuanzia Mtoni mpaka Keko hapakuwa na nyumba ambayo mtu wake hajawahi kukunja uso kwa uchungu wa dawa ile. Kitengo kilimwendea mara tatu kabla hajakubali kuutoa, na alipokubali aliweka sharti moja: majibu, yawe mazuri yawe mabaya, yaje kusomwa barazani kwake mbele ya majirani.

"Nisije kunong'onezwa uani kama mwizi," alisema.

Sasa alikung'uta mchanga kwenye mzizi wa kwanza, akauviringisha upesi ndani ya kipande cha kaniki.

"Andika na hili," alisema bila kugeuka. "Mzizi huu jua lisiuone. Tangu unatoka ardhini mpaka unaingia chunguni. Unaufunika kaniki, unaulaza uvunguni mwa kitanda, siku saba."

"Na jua likiuona, bibi, inakuwaje?"

"Mie sijawahi kuuonyesha. Mama yangu alinikataza, naye alikatazwa na mama yake. Wewe na panya wako ndio mtakaojua." Akamtupia jicho la pembeni. "Ila nyie watu wa Masasi nawajua. Serikali inawapa panya wa kupimia dawa, msije mkawageuza kitoweo."

Leonardi alicheka. Utani huo aliuzoea tangu aingie mjini. "Wale weupe hawana nyama, bibi. Na kama ningewasubiri nyie Wazaramo mmalize ngoma ndipo tuje porini, hii kazi ingefanyika mwakani."

Bi Mwanabaraka naye akacheka, akarudi kufukua. Leonardi akashika kalamu. Mahali palipoandikwa "Namna ya kukausha" alijaza: kivulini, siku saba, umefunikwa kaniki. Akatia sahihi. Mzizi wenyewe ulikuwa bado umeshika udongo.

Masika yalikuwa yamekolea. Chumba cha kukaushia cha kitengo kilikuwa kimejaa mpaka dirishani, kwa hiyo Daktari Apolinari, mkuu wa maabara, alimruhusu Leonardi akaushie nyumbani. Nyumbani kulikuwa chumba kimoja Keko, katika nyumba ya mama mmoja aitwaye Mwanaasha, iliyopakana na karakana ya maseremala. Leonardi alilaza mizizi uvunguni, juu ya jamvi, akaifunika kaniki kama alivyoambiwa. Mkewe, Adelina, alilalamika kidogo juu ya harufu, kisha akaizoea.

Siku ya nne alifunua. Mizizi ilikuwa imeota ukungu mweupe, na harufu yake ilikuwa ya nguo iliyolala na maji. Aliifuta kwa kitambaa, akaifunika tena. Siku ya tano ukungu ulikuwa umerudi, mwingi kuliko jana.

Leonardi alikaa juu ya kitanda akafikiri. Mzizi ukioza, itambidi amrudie Bi Mwanabaraka, mtu aliyeombwa mara tatu, amwambie kwamba kitengo kimeozesha alichowapa. Itambidi amwambie na Daktari Apolinari kwamba mkusanyaji wake mpya ameharibu sampuli. Nje mvua ilikuwa imekatika. Jua lilitoka kali, kama linavyotoka baada ya mvua ya siku nyingi, na bati za karakana zilikuwa zinafuka mvuke.

Aliichukua mizizi yote, akapanda ngazi ya maseremala, akaitandaza juu ya bati.

"Baba, si ulisema hiyo haipaswi kuonwa na jua?" Adelina alimuuliza alipoteremka.

"Itaoza."

"Basi mrudie bibi akuchimbie mingine."

"Nikamwambie nini? Wewe na mimi tumekula makopa tangu utoto. Mama zetu wamemenya muhogo, wameuanika juu ya paa, tumekula mwaka mzima. Mzizi ni mzizi."

"Makopa ni chakula," Adelina alisema. "Hatujamnywesha mgonjwa." Lakini alisema akiwa anaelekea kisimani.

Kwa siku tatu mizizi ilikaa juu ya bati. Ilikauka vizuri sana. Ukiitikisa ndani ya gunia ililia kama njuga. Leonardi aliiviringisha tena ndani ya kaniki, akaipeleka kazini pamoja na fomu yake. Fomu hakuigusa. Ilikuwa imekwisha kujazwa.

Maabara ilifanya kazi yake. Mizizi ilitwangwa, ikalowekwa katika spiriti, ikachujwa. Panya weupe kumi walidungwa vijidudu vya malaria ya panya. Watano wakapewa dawa, watano wakapewa maji matupu. Leonardi alikuwa akipita kwenye vizimba kila asubuhi kabla ya kutia saini ya kuingia kazini. Siku ya sita walianza kufa. Walikufa wa dawa na wa maji, bila tofauti. Kufikia siku ya tisa vizimba vyote vilikuwa vitupu.

Daktari Apolinari alikuwa mtu mpole, mrefu, anayeongea taratibu kama anayehesabu matone. Alimwita Leonardi, akaifungua fomu ya 214 mezani.

"Ndugu Leonardi, mzizi huu uliukausha namna gani?"

Hapo ndipo neno lilipotakiwa kutoka. Leonardi aliliona, alilisikia likimgusa meno. Akatazama fomu, akaona mwandiko wake mwenyewe, mzuri, ulionyooka.

"Kama ilivyoandikwa hapo, daktari."

"Basi," Apolinari alisema, akapiga muhuri.

Barua ilisomwa barazani kwa Bi Mwanabaraka siku ya Jumapili, na aliyeisoma alikuwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Mwinshehe, kwa sauti yake ya mikutano. Majirani kama ishirini walikaa kwenye mikeka. Barua ilisema kwa heshima kwamba sampuli namba 214 haikuonyesha nguvu yoyote dhidi ya malaria, na kwamba taifa linamshukuru ndugu Mwanabaraka kwa moyo wake wa kujitegemea. Leonardi alikaa mwishoni mwa benchi, mikono katikati ya magoti. Alikuwa amejiambia kwamba bibi atabisha. Atasema serikali haijui kitu, atawacheka, watu watacheka naye, na kesho yake ataendelea kuchemsha dawa yake kama kawaida. Hilo lilikuwa limempa usingizi.

Bi Mwanabaraka hakubisha.

"Panya walikufa wangapi?" aliuliza.

"Wote, bibi," Leonardi alisema.

"Hata waliokunywa?"

"Hata hao."

Aliinamisha kichwa, akawa anafunga na kufungua pindo la kanga yake. "Haya," alisema. "Mmetimiza sharti. Mie niliapa nitalikubali litakalokuja, na limekuja." Akaingia ndani, akarudi na chungu chake, akaimwaga mchangani dawa iliyokuwamo, mbele ya wote. Mchanga ukawa wa manjano.

Leonardi alirudi Keko kwa miguu. Adelina alimuuliza imekuwaje, akasema imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, Leonardi alikuwa chumbani anashona kandambili yake iliyokatika, ya pili ameiacha mlangoni, pazia limeshuka. Alisikia hodi uani. Sauti aliijua kabla haijamaliza kubisha.

"Karibu, bibi! Shikamoo!" Huyo alikuwa Mwanaasha, aliyekuwa anapara samaki. "Leo umeikumbuka Keko? Ngoja nikupe kigoda."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukaa. Nimekuja kutaka radhi."

Kisu cha Mwanaasha kilinyamaza. "Radhi ya nini tena, bibi?"

"Ya mtoto wako Mfaume."

Leonardi aliacha kushona. Kwamba Mwanaasha aliwahi kuwa na mtoto aitwaye Mfaume alikuwa hajui. Adelina, aliyekuwa anakunja nguo, alijua. Ilionekana usoni mwake.

"Ulimleta kwangu mwaka wa Azimio la Arusha," Bi Mwanabaraka aliendelea, kwa sauti ya mtu aliyeyasema maneno hayo katika nyumba nyingine kabla ya hiyo. "Ana homa. Ulitaka kumpeleka hospitali, mie nikakwambia mwache, dawa ninayo. Nikamnywesha siku tatu, ya nne tukamzika. Sasa dawa yangu imepimwa na wenye vyombo, imeonekana haina kitu. Kwa hiyo mie nilikuzibia njia. Nakuomba radhi, mwanangu. Ukinipa nitashukuru, ukininyima ni haki yako."

Karakana ya jirani iliendelea kupiga randa.

"Bibi," Mwanaasha alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa ile ya kukaribisha wageni. "Miaka tisa nimesema ilikuwa kudra ya Mungu. Neno hilo ndilo lililonilaza. Leo unaingia uani kwangu, samaki wangu mkononi, unaniambia mwanangu angepona?"

"Sijui kama angepona."

"Wewe hujui! Kama hujui ulinijia kufanya nini?"

Akalia. Alilia kwa sauti, kama msiba umeingia asubuhi ile. Bi Mwanabaraka hakumgusa, hakuondoka pia. Alisimama tu, na Leonardi, kupitia upenyo wa pazia, aliona miguu yake midogo iliyojaa vumbi, na karibu nayo, mlangoni, kandambili yake mwenyewe.

Ilikuwa hatua nne kufika pale. Hakwenda. Alijiambia kwamba si wakati wake, wanawake wanalia, mwanamume hawezi kuingilia. Aliposikia miguu ya bibi ikitoka, aligundua kwamba sindano imemchoma na kidole kinavuja damu.

Adelina aliweka nguo ya mwisho juu ya fungu. "Nimesikia sokoni kwamba anazunguka," alisema pole pole. "Alianzia kwa waliozika. Nilidhani ni maneno ya watu tu." Akamtazama. "Baba, yule mama anaomba radhi ya kosa lako."

Jumatatu Leonardi alifika maabara kabla ya mtu yeyote, akafagia, ingawa kufagia hakukuwa tena kazi yake. Daktari Apolinari alipoingia alimkuta amesimama kando ya meza.

"Namba 214 niliianika juani, daktari. Siku tatu, juu ya bati. Ilikuwa inaota ukungu, nikaogopa. Ulipouliza nikakudanganya."

Apolinari alikaa. Hakukasirika haraka, alikuwa mtu wa kutaka kujua kwanza. "Ziko dawa zinazokufa kwa jua, na ziko zisizojali. Mzizi huu hatujui uko kundi gani. Tulichopima si dawa ya yule mama." Akaivuta fomu kabatini. "Lakini hapa umeandika kivulini, siku saba. Hii uliiandika lini?"

"Siku tuliyochimba. Kule kule porini."

"Kabla hujaukausha."

"Kabla."

Daktari aliiweka fomu mezani. "Na nyingine? Fomu ngapi umezijaza hivyo?"

Swali hilo Leonardi hakulitarajia. Alikuwa amekuja na kosa moja, amelishika kwa mikono miwili. Akayatazama makabati, yale aliyojifunzia kazi, akaziona sampuli zake zimepangwa, kila moja na kibandiko chake kwa ule mwandiko ulionyooka.

"Zote, daktari," alisema.

Apolinari hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Alisema kuanzia siku ile Leonardi arudi kwenye ufagio. Kwamba sampuli zote alizokusanya zitatengwa mpaka zikusanywe upya, pengine miaka miwili. Na kwamba ataandika barua ya kuifuta ile ya kwanza. "Nitampa dereva aipeleke."

"Naomba niipeleke mimi."

"Kuna watu watakutukana."

"Najua."

Bi Mwanabaraka alikuwa barazani anasuka ukili. Leonardi alimwamkia, akakaa chini mchangani badala ya kwenye benchi, akamkabidhi barua, akasema yote: ukungu, bati, makopa, swali la daktari na jibu lake. Alisema na jambo la pazia la Keko, ingawa hakuna aliyemuuliza. Bibi hakumkatiza. Vidole vyake viliendelea kusuka kwa muda, kisha vikaacha.

"Kwa hiyo haikuwa dawa yangu," alisema.

"Haikuwa, bibi."

"Na ingekuwa yangu, wale panya wangepona?"

Leonardi alitamani sana kusema ndiyo. Barua ile haikusema ndiyo. "Sijui. Hakuna anayejua. Haijapimwa."

Bi Mwanabaraka alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Unajua, baba, mie nilikuwa najua. Miaka arobaini nilikuwa najua. Mtoto akipona najua, akifa najua ni siku yake imefika. Sasa nikilala nawahesabu, huyu nilimwua, huyu sikumwua. Wewe unaniletea karatasi unaniambia nirudi nilikokuwa. Nitarudije?"

Leonardi alisema, "Nipige, bibi. Nitukane."

"Nikutukane nipate nini?" Aliuweka ukili pembeni, akajifunga kanga ya pili. "Nyumba kumi na moja nimeingia. Kumi na moja nimewaambia niliwazibia njia. Maneno yale nimeyatoa kwa kinywa changu, lakini yalikuwa ya kwako. Utakwenda ukayachukue, moja moja. Mie nitakuwapo, wasidhani nimekutuma kujisafisha."

"Tuanzie wapi?"

"Kwa aliyelia zaidi."

Walifika Keko alasiri. Leonardi alisimama nje ya nyumba aliyoishi, akapiga hodi kama mgeni. Mwanaasha alitoka akifuta mikono, akamwona bibi, uso ukafunga. Akamwona mpangaji wake, akashangaa.

Leonardi alisema akiwa amesimama. Hakurefusha. Alipomaliza, Mwanaasha aliuliza swali lile lile, kama alivyojua kwamba kila nyumba italiuliza.

"Kwa hiyo dawa inatibu au haitibu?"

"Hatujui, dada. Niliiharibu kabla haijapimwa."

"Na mwanangu?"

"Na hilo halijulikani."

Mwanaasha alimtazama muda mrefu. "Siku ile nilipolia hapa uani, nyote wawili mlikuwa ndani. Niliona kandambili."

"Tulikuwa ndani."

"Ukasikia yote."

"Yote."

Akamgeukia Bi Mwanabaraka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Bibi, mie kwako sina kinyongo. Nisamehe kwa siku ile nilivyokujibu." Kisha, bila kumtazama tena Leonardi: "Huyu sijui. Anaishi kwangu, nitamwona kila siku. Siwezi kusema leo."

"Usiseme leo," Bi Mwanabaraka alimwambia.

Walitoka. Adelina alikuwa mlangoni mwa chumba chao, akamkabidhi mumewe chupa ya maji. Jioni ile waliingia nyumba nyingine mbili. Katika moja walikaribishwa, katika nyingine mzee mmoja alimwita Leonardi mbwa, akafunga mlango. Bi Mwanabaraka alisubiri mpaka kelele zimekwisha, akaendelea kutembea mbele, hatua fupi fupi.

"Zimebaki nane," alisema. "Saba za hapa hapa Temeke. Moja walihamishwa na operesheni ya vijiji, wako kijijini ng'ambo ya Rufiji."

"Na huko ulifika, bibi?"

"Nilipanda lori la chumvi. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi." Akasimama, akageuka kumtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu barazani. "Yule mama wa Rufiji alinipa radhi upesi sana. Akanifungia na mchele. Hakuna iliyoniuma kama hiyo. Na huko nako utakwenda."

"Nitakwenda," Leonardi alisema.

Lori la chumvi huondoka Alhamisi. Alitaka kutoa kalamu aandike safari hiyo, mkono ukaishia mfukoni, akauacha humo humo. Ataandika akisharudi.